Bakshishi kwenye meli ya kitalii: ada ya kila siku, pesa mkononi, zawadi au sifa kwa maandishi?

Suala la bakshishi humfikia abiria wa meli ya kitalii kabla hajafunga hata begi. Anapolipia safari, mfumo unamuuliza kama atalipa ada ya huduma sasa hivi au ikatwe siku kwa siku akiwa melini. Akishapanda, risiti ya kinywaji cha kwanza inakuja na asilimia iliyokwisha kuongezwa, na chini yake kuna mstari mtupu unaosubiri nyongeza. Usiku wa mwisho anawaona majirani wa korido wakigawa bahasha, naye hana hakika kama ameshalipa, amelipa mara mbili, au kuna mtu aliyemsahau kabisa.

Njia za kumshukuru mfanyakazi wa meli ni nne: ada ya huduma ya kila siku, pesa taslimu mkononi, zawadi ya kitu, na sifa iliyoandikwa. Watu huzilinganisha kana kwamba moja inaweza kukaa mahali pa nyingine, kumbe kila moja inamfikia mtu tofauti. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu sasa: iache ada ya kila siku kama ilivyo, ongeza pesa taslimu kidogo kwa watu wawili au watatu waliokuhudumia kwa karibu, kisha yaandike majina yao kwa usahihi. Zawadi ya kitu ije mwisho, na iwe ndogo.

| Njia | Inamfikia nani | Gharama ya kawaida, watu 2 kwa usiku 7 | Inapoharibikia |
|---|---|---|---|
| Ada ya kila siku | Mhudumu wa kebini, weita, na wengi usiowaona | Dola 225 hadi 280 | Abiria anaiondoa bila kujua inamwumiza nani |
| Pesa mkononi | Uliyemkabidhi tu | Dola 40 hadi 100 juu ya ada | Noti mbovu, sarafu, kuchelewa |
| Zawadi ya kitu | Uliyempa, kama ataruhusiwa kuiweka | Dola 5 hadi 20 | Haingii kwenye kebini yake wala kwenye begi lake |
| Sifa kwa maandishi | Uliyemtaja, na msimamizi wake | Hakuna | Jina lisilotosha kumtambulisha |

## Nani yumo kwenye mgao, nani hayumo

Wafanyakazi wa meli wamegawanyika katika idara tatu kubwa: deki, injini na hoteli. Bakshishi ni mambo ya hoteli. Humo wamo wahudumu wa kebini, maweita na wasaidizi wao, wahudumu wa bufee, na kwenye kampuni nyingi pia wapishi, waosha vyombo na watu wa dobi. Nahodha, maofisa, wahandisi, daktari na mkurugenzi wa burudani wanalipwa mshahara kamili na hawatarajii kitu. Kumpa nahodha noti ni kumtia aibu. Yeye mwandikie barua.

Katikati kuna watu wanaoangukia kwenye ufa. Walezi wa klabu ya watoto mara nyingi hawamo kwenye mgao wa ada, ingawa mzazi anaweza kuwa amewaachia watoto saa 5 kila siku. Wahudumu wa vyumba vya kifahari, yule mnyweshaji binafsi (butler) na msaidizi wa mipango, wamo kwenye mgao wa kampuni fulani na hawamo kwenye nyingine. Hapo usikisie. Nenda dawati la wageni siku ya pili, foleni ikiwa imepungua, uulize hivi: "Ada yangu ya kila siku inagawiwa idara zipi?" Wanalijibu swali hilo mara nyingi na halimkeri mtu.

Wahudumu wa spa na saluni kwa kawaida ni waajiriwa wa kampuni nyingine iliyokodi eneo lake melini, na bili yao hubeba asilimia yake yenyewe. Wachukuzi wa mizigo bandarini si wafanyakazi wa meli kabisa. Katika bandari za Marekani desturi ni dola 1 hadi 2 kwa begi, uwape palepale kwenye gati kabla begi halijaingia kwenye toroli. Waongozaji na madereva wa matembezi ya nchi kavu nao hawaguswi na ada ya meli, hata kama tiketi ya matembezi uliinunua melini.

## Ada ya kila siku

Kwenye kampuni kubwa zinazohudumia soko la Marekani, ada huwa takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa usiku katika vyumba vya kawaida, na hufika karibu dola 25 katika vyumba vya kifahari. Royal Caribbean, kwa mfano, imewahi kutoza dola 18.50 kwa vyumba vya kawaida na dola 21 kwa vya kifahari. Kwa kiwango cha 18.50, watu wawili kwa usiku 7 wanalipa dola 259, na familia ya watu wanne dola 518. Ndiyo, mtoto hulipiwa kama mtu mzima kwenye kampuni nyingi, isipokuwa wale wachanga kabisa, na umri wa msamaha unatofautiana kutoka kampuni hadi kampuni. Ni pesa nyingi, na hii ndiyo sababu watu hushtuka wakiiona kwenye bili ya mwisho. Iweke kwenye bajeti tangu siku unapolinganisha bei za tiketi. Tiketi inayoonekana rahisi kwa dola 100 inaweza kuwa ghali zaidi ukishajumlisha ada.

Kwenye kampuni nyingine ada hiyo haipo kwa sababu imo ndani ya nauli. Regent Seven Seas, Silversea na Seabourn zinafanya hivyo katika daraja la anasa. P&O Cruises ya Uingereza nayo iliacha kuikata kando mwaka 2019. Ukisafiri na kampuni ya aina hii hudaiwi chochote zaidi, na baadhi yake zina mfuko wa ustawi wa wafanyakazi ambao unaweza kuuchangia mwishoni ukipenda.

Nguvu ya ada hii iko kwa watu ambao hutawahi kukutana nao. Mtu anayekunja mashuka kwenye deki ya chini isiyo na dirisha hana abiria wa kumpa bahasha. Anayeosha sufuria usiku wa manane hana. Katika kampuni nyingi mapato ya mhudumu ni mshahara wa msingi mdogo unaojazwa na sehemu yake ya ada, kwa hiyo ada hii ni sehemu ya kipato anachokitegemea na si nyongeza ya bahati. Na kazi yenyewe ni nzito. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, unaruhusu hadi saa 14 za kazi ndani ya saa 24, na saa 72 ndani ya siku 7. Mikataba ya wahudumu huenda miezi 6 hadi 9, bila siku nzima ya mapumziko ya kila wiki kama ya mtu wa ofisini.

Kulipa mapema au siku kwa siku? Ukilipa mapema, bili ya mwisho inakuwa nyepesi, na kwa kawaida kampuni ikipandisha ada kabla ya safari yako, wewe unabaki kwenye kiwango cha zamani. Lakini kuna hali moja ambapo kulipa mapema ni hasara. Wakala wa safari au kampuni yenyewe ikikupa salio la kutumia melini ambalo halirudishwi kama pesa taslimu, salio hilo kwenye kampuni nyingi linaweza kulipia ada ya kila siku. Aliyekwisha kulipa ada mapema hujikuta siku ya mwisho ana dola 80 za kumaliza dukani kwa vitu asivyovihitaji. Kwa hiyo, kama una salio la namna hiyo, acha ada ikatwe siku kwa siku. Kama huna, lipa mapema.

Kuiondoa. Kampuni nyingi zinamruhusu abiria kuipunguza au kuiondoa kwa kwenda dawati la wageni. Wanaofanya hivyo hutoa sababu moja: "Nataka pesa yangu imfikie mhudumu wangu moja kwa moja." Nia ni njema, ila matokeo yanaweza kuwa kinyume. Katika baadhi ya kampuni, abiria akiondoa ada, mhudumu anatakiwa kuikabidhi pesa taslimu aliyopewa iingie kwenye mgao wa wote. Akiiacha ada, pesa ya mkononi inabaki ya mhudumu. Yaani ukiondoa dola 259 ukampa mhudumu wa kebini dola 100 taslimu, huenda asibaki nazo, na mtu wa dobi akapungukiwa pia.

Huduma ikiwa mbaya kweli, kuondoa ada usiku wa mwisho hakukusaidii wewe wala wao. Kebini isiposafishwa siku ya kwanza, sema siku ya kwanza, umwambie msimamizi wa usafi kupitia dawati au simu ya chumbani. Anao uwezo wa kubadilisha mhudumu au kuongeza mtu. Anayenyamaza siku 6 kisha akaondoa ada yote ameishi na taulo chafu wiki nzima, halafu amewaadhibu wapishi ambao hawakumkosea.

## Asilimia kwenye vinywaji, na ule mstari mtupu

Baa zina hesabu yake. Asilimia 18 hadi 20 huongezwa moja kwa moja kwenye kila kinywaji. Kinywaji cha dola 12 kwa asilimia 18 kinakuwa dola 14.16. Kifurushi cha vinywaji cha dola 70 kwa siku kinakuwa dola 82.60, na kwa usiku 7 ni dola 578.20 kwa mtu mmoja. Vifurushi vinavyotolewa "bure" kwenye ofa mara nyingi vinabeba asilimia hiyo juu ya thamani kamili ya kifurushi, kwa hiyo usome maandishi madogo kabla hujafurahia ofa.

Mstari mtupu kwenye risiti ni wa nyongeza juu ya ile asilimia. Tazama juu yake: ukiona neno la ada ya huduma na tarakimu mbele yake, umeshalipa. Ukitaka kuongeza, ongeza dola moja moja badala ya kuandika tena asilimia 15, na ukiwa huongezi, piga mstari mahali hapo kisha andika jumla. Migahawa ya kulipia nayo kwa kawaida imeshajumlisha huduma kwenye bei au bili. Chakula kinacholetwa chumbani ni tofauti: hata pale ambapo kuna ada ya kuletewa, mletaji anastahili dola 2 au 3 mkononi, hasa saa 8 usiku.

## Pesa mkononi

Hapa ndipo shukrani inapokuwa na sura na jina. Kwa safari ya usiku 7 ambayo ada imeachwa, viwango vinavyoeleweka ni dola 20 hadi 40 kwa mhudumu wa kebini kutoka kwa chumba kizima, dola 10 hadi 20 kwa weita na kiasi kama hicho au pungufu kidogo kwa msaidizi wake. Kwa mhudumu wa baa unayemrudia kila jioni, dola 1 au 2 kwa kila mzunguko, au noti moja ya 20 siku ya kwanza. Walezi wa watoto, kama dawati limekwambia hawamo kwenye mgao, dola 10 hadi 20 kwa kila mlezi ambaye mtoto wako anamtaja kwa jina. Si lazima uwafikie wote. Familia yenye ombi lililoongeza kazi, kwa mfano vitanda vinavyotenganishwa na kuunganishwa kila siku, barafu ya dawa, au mtoto anayetapika usiku, iende kwenye kiwango cha juu.

Ni lini? Wengi husubiri asubuhi ya kushuka, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Siku hiyo meli inatoa maelfu ya abiria na kupokea maelfu wengine kabla ya jioni. Mhudumu wa kebini anabadilisha mashuka ya korido nzima na huenda usimwone kabisa. Weita wako wa jioni huenda amepangwa kwenye bufee ya asubuhi deki nyingine. Wape usiku wa mwisho: weita mwishoni mwa mlo, mhudumu wa kebini anapopita jioni. Ikiwa meli yako husafisha chumba mara moja tu kwa siku, mwulize siku moja kabla ni saa ngapi atapita.

Kumpa mhudumu wa kebini nusu siku ya kwanza kuna faida pale tu unapokuwa na ombi maalumu. Usitoe kama chambo cha huduma, maana wengi wao wanafanya kazi ileile kwa vyumba vyote. Kwa mhudumu wa baa mambo ni tofauti kidogo, kwani anahudumia umati, na noti ya siku ya kwanza inamfanya akumbuke uso wako na kinywaji chako.

Noti zenyewe zinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyofikiri. Sehemu kubwa ya wahudumu wa meli hutoka Ufilipino, Indonesia na India, na pesa hii wanaibadilisha kwao au wanaituma. Wabadilishaji wengi hukataa au hupunguza bei ya noti ya dola iliyochanika, iliyoandikwa kalamu, yenye muhuri au ya toleo la zamani sana. Sarafu hawazipokei kabisa. Kwa hiyo:

- Chukua noti safi za dola 5, 10 na 20 kutoka benki kabla ya safari. Mashine ya pesa melini hukata ada kubwa, na dawati la wageni huishiwa na noti ndogo siku ya mwisho.
- Toa fedha ya aina inayotumika melini. Kama bei melini ni kwa euro, toa euro. Kama ni dola, toa dola. Pesa ya nchi yako yenye kubadilishwa kwa shida inamwachia mhudumu kazi ya kutafuta pa kuibadilisha.
- Usikunje noti ndogo ndogo kama kifurushi cha karanga. Noti moja ya 20 na moja ya 10 ni bora kuliko noti 30 za dola moja.

Bahasha iandikwe jina la mhudumu na namba ya chumba chako kwa nje. Ndani weka noti na karatasi yenye mistari miwili, tarehe na sahihi. Mfano: "Kwa mhudumu wa kebini 8214. Asante kwa wiki nzima, na hasa kwa usiku ule mtoto alipougua. Pesa hii ni yako." Ile sentensi ya mwisho ina kazi. Wahudumu wamekatazwa kuchukua chochote cha abiria, na pesa iliyoachwa juu ya meza bila neno lolote inahesabiwa kama imesahaulika. Mhudumu mwaminifu ataipeleka kwenye vitu vilivyopotea. Kwenye meza ya chakula ni vibaya zaidi, kwa sababu anayekuja kuondoa sahani anaweza asiwe yule uliyemkusudia. Mkabidhi mtu mkononi, mwangalie, mshukuru kwa jina.

## Zawadi ya kitu

Kabla ya kununua zawadi, fikiria inakokwenda. Mhudumu analala kwenye kebini ndogo isiyo na dirisha, anagawana na mwenzake mmoja au zaidi, kitanda cha juu na cha chini chenye pazia, kabati jembamba na droo. Kebini hizo hukaguliwa. Mwisho wa mkataba anapanda ndege na begi lenye kikomo cha uzito, ambalo tayari limejaa vitu vya watoto wake. Sanamu ya mbao ya kilo 2 ni mzigo kwake hata kama uliichagua kwa upendo.

Vinavyofaa ni vyepesi na vinavyokwisha: krimu nzuri ya mikono kwa mtu anayeshika dawa za usafi siku nzima, soksi bora kwa anayesimama saa 12, kalamu nzuri kwa weita, peremende au kahawa ya pakiti moja moja iliyofungwa kiwandani. Kadi ndogo iliyochorwa na mtoto haina uzito, na ukiipitisha pamoja na bahasha inawekwa ukutani. Kwenye baadhi ya meli wafanyakazi hununua bando la intaneti kwa kadi au kwa akaunti yao. Ukitaka kumsaidia apige simu nyumbani, mpe pesa taslimu anunue mwenyewe. Kadi za zawadi za maduka au za benki zinaonekana nadhifu, ila nyingi zinafanya kazi katika nchi moja tu, nyingine zinadai anwani ya nchi hiyo au hukatwa ada kila mwezi. Mhudumu anaishia na plastiki isiyomsaidia.

Visivyofaa vina sababu zake. Chakula ulichopika au mabaki ya mgahawa wa nchi kavu: usafi wa chakula melini unasimamiwa kwa ukali, kwa sababu ugonjwa wa tumbo ukiingia unaenea haraka kati ya watu wanaoishi karibu karibu. Meli zinazoingia Marekani hukaguliwa chini ya mpango wa usafi wa meli wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ulioanza katika miaka ya 1970. Pombe: wafanyakazi wana viwango vikali vya kilevi, na chupa ikikutwa kwenye kebini yake anaweza kupoteza kazi. Mishumaa, viberiti, pasi, birika na waya za kuunganishia umeme: moto ndio hatari inayoogopwa kuliko zote melini, na vitu hivyo hunyang'anywa. Nguo zilizovaliwa na chupa za losheni zilizobaki nusu ziite kwa jina lao halisi, mabaki ya safari. Kama unadhani mtu angezihitaji, mwulize kwanza, ukubali akikataa.

Kuna kosa moja linalorudiwa na watu wema. Abiria anaacha chumbani miwani mipya ya jua, au chupa ya mafuta ya jua ambayo haijafunguliwa, akiwa na nia kwamba mhudumu ataichukua. Mhudumu hawezi. Akikutwa na kitu cha abiria kwenye begi lake anaposhuka getini, au kwenye kebini wakati wa ukaguzi, lazima aonyeshe kimetoka wapi, na bila ushahidi swali linakuwa la wizi. Kwa zawadi yoyote isiyo pesa, andika karatasi: jina la mhudumu, kitu chenyewe kwa maelezo, namba ya kebini yako, tarehe, jina lako na sahihi. Kwenye baadhi ya meli dawati la wageni lina fomu maalumu ya zawadi; iombe. Ni kazi ya dakika 2 na inamkinga mtu na kufukuzwa.

## Sifa kwa maandishi

Watu hutoa sifa kama kitu cha kufidia wanapokosa pesa. Tunaiona tofauti. Sifa inaingia kwenye faili la mfanyakazi, husomwa mbele ya wenzake kwenye kikao cha idara, na huhesabiwa wakati wa kuamua nani apandishwe kutoka msaidizi wa weita kuwa weita, au nani apewe mkataba mpya kwenye meli anayoitaka. Dola 20 zinaisha bandari inayofuata. Cheo kinaongeza kipato kwa miaka.

Lakini sifa isiyo sahihi haimfikii mtu. Kitambulisho kifuani huandika jina la kwanza na nchi tu, na kwenye meli moja wanaweza kuwapo wengi wenye jina hilo. Wafanyakazi kutoka kisiwa cha Bali nchini Indonesia, kwa mfano, mara nyingi huitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa: Wayan, Made, Nyoman, Ketut. Fomu inayosema "Made alikuwa mzuri sana" haimwambii msimamizi kitu. Andika jina, nchi, idara, mahali na muda: weita wa meza namba fulani, mgahawa wa deki ya 4, zamu ya jioni. Kisha taja tendo moja linaloweza kuonekana. "Alikumbuka tangu jioni ya kwanza kwamba mama hali karanga, na kila usiku alimletea menyu ya kesho aichague mapema" ina uzito kuliko mistari 10 ya "huduma bora".

Ipeleke mara mbili. Kwanza katikati ya safari, kwa karatasi au kwa programu ya meli kupitia dawati la wageni, ili msimamizi aisome mtu akiwa bado kazini na anafurahi nayo. Pili kwenye dodoso linalotumwa kwa barua pepe baada ya kushuka. Lijaze ndani ya siku chache kabla halijafungwa. Kwenye dodoso angalia alama. Vipimo vya 0 hadi 10 mara nyingi husomwa hivi: 9 na 10 ni sifa, 7 na 8 si chochote, 6 kushuka chini ni lawama. Mtu aliyezoea kwamba 8 ni alama nzuri ya shule humnyima mhudumu bila kujua. Kama uliridhika kabisa, weka 10. Kama kilichokuudhi ni bei ya intaneti, kiseme kwenye sehemu ya intaneti, usipunguze alama ya weita.

## Uchague lipi, kulingana na hali yako

Bajeti imebana: lipa ada yote, usitoe pesa ya ziada, andika sifa mbili zenye majina kamili. Hapo umetimiza wajibu wako, na hakuna mhudumu mwenye haki ya kukununia.

Familia yenye watoto klabuni: ada, bahasha kwa mhudumu wa kebini, pesa kidogo kwa walezi kama hawamo kwenye mgao, na kadi ya mtoto. Hapa zawadi ya kitu inakaribia kuwa bora kuliko kwingine kote, kwa sababu mlezi mara nyingi hapewi chochote.

Chumba cha kifahari chenye mnyweshaji: uliza kwanza kama yumo kwenye mgao. Kama hayumo, yeye ndiye wa kupewa bahasha kubwa, kulingana na kazi uliyompa. Aliyekupangia matembezi, akapiga pasi na kuleta chai kila alasiri si sawa na uliyemwona siku ya kwanza na ya mwisho.

Kampuni yenye bakshishi ndani ya nauli: usitafute pa kulipa. Sifa kwa maandishi inatosha, na mfuko wa ustawi ukiwepo unafaa kuliko kumpa mmoja mmoja.

Meli ndogo za mito, hasa Ulaya, zina utaratibu wao. Mara nyingi hakuna ada inayokatwa. Mapendekezo huwa euro 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku, yanayowekwa kwenye bahasha moja ndani ya sanduku la mapokezi usiku wa mwisho. Kilichomo sandukuni hugawanywa kwa wafanyakazi wote, pamoja na wale wanaofunga kamba gatini. Msimamizi wa safari, anayeongoza programu ya kila siku, mara nyingi ana bahasha yake tofauti. Uliza mapokezi ipi ni ya nani kabla hujafunga gundi, kwa sababu bahasha ikishaingia sandukuni haitolewi.